Buku za kufikiri tutazipata wapi?



Tangu tulianza kukutana siku ya yenga hapa Koni kwa kujizoeza kufikiri, ulizo ni lile lile: «Buku tutazitosha wapi?» Buku za Kifaransa ziko bei, na makuta ya mwisho wa mwezi yanaishia kwa unga na minerval ya watoto. Jibu letu: tuanze na karatasi zenye kutawala maisha yetu. Nyingi ziko tayari nyumbani.

Ya kwanza ni fishi ya malipo. Funika mstari wa chini kwa mkono. Hesabu mwenyewe mshahara wa msingi, saa za kuongeza, na makuta yenye kukatwa. Kisha tosha mkono. Kama hesabu hazipatane, njo kazi ya akili inaanza: nimekosa mimi, ao imekosa fishi? Nitahakikisha namna gani? Mama na mtoto wa sekondari wanaweza kufanya vile pamoja na baba.

Ya pili ni Sheria ya migodi ya 2002, yenye iligeuzwa tarehe 9 Machi 2018. Iko katika Kifaransa, lakini hiyo isitushinde. Mmoja anasoma, wa pili anatia katika Kiswahili, wa tatu anauliza. Sheria inasema kompani yenye kuchimba itoe kila mwaka 0,3 % ya «chiffre d'affaires» kwa maendeleo ya vijiji na kartie zenye kuguswa na mgodi, na isishuke chini ya hapo. Kompani ikiuza kwa dola milioni 100, ni dola 300 000.

Sasa tufikiri. «Chiffre d'affaires» ni makuta yote ya mauzo. Faida ni yenye kubaki kisha kulipa gharama. Siku moja mtu atakuja kwenye mkutano kusema: «Mwaka huu hatukupata faida, basi shule itangoja.» Mwenye hakutenganisha maneno hayo mawili atapiga makofi na kurudia nyumbani. Mwenye aliyatenganisha atainua mkono: «Shefu, sheria inasema mauzo, haisemi faida. Mliuza kwa ngapi?» Ulizo hilo moja linaweza kuleta vyumba vya masomo.

Kwa watoto, tuko na usini ya umeme ya hapa Koni, kwenye mto Lufira, yenye ilianza kazi 1950. Mashine 3, megawati 42. Moja ikisimama, zinabaki 28. Mbona nyumba zingine zinaweza kukosa mwanga kabisa? Waandike sababu zote zenye wanaona, kisha wamuulize fundi, wafute zenye hazisimame.

Njia hii si mpya. Mwaka wa 1963, kule Angicos, Brazili, Paulo Freire na wenzake walifundisha wafanyakazi kama 300 kusoma, wakitumia maneno ya kazi na ya maisha yao wenyewe.

Basi, siku ya yenga, kila mmoja alete karatasi moja: fishi, kontra, ao barua ya kompani. Ufunike jina lako kama unapenda. Ulete na krayo. Na mbele ya kutia sinyatire popote, uliza kwanza: ni nani anasema, anajuaje, na ni nani atapata faida?