Umeme Ukirudi, Kila Dirisha Mezani Kwake

Wenzangu wa ualimu mnaokwenda field Upare, hii ni yenu. Milimani kule juu ya Same nilikofundisha, umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, na betri ya laptopu yangu imeshachoka. Natumia Xubuntu, Linux nyepesi inayozikubali mashine kuukuu. Nimeigawa meza tatu: andalio la somo, jedwali la alama na kivinjari.

Xubuntu inaweza kukumbuka madirisha ukitoka kwa utaratibu. Lakini umeme hauagi! Basi sakinisha programu ndogo iitwayo wmctrl, kisha andika faili la amri:

wmctrl -s 0
libreoffice andalio.odt &
sleep 10
wmctrl -s 1
libreoffice alama.ods &
sleep 10
wmctrl -s 2
firefox &

Mstari wa kwanza unakupeleka meza ya kwanza, maana hesabu inaanzia 0. Alama ya & inaruhusu amri inayofuata iendelee bila kungoja programu ifungwe. Hiyo sleep inasubiri sekunde 10 dirisha lifunguke. Ukiiondoa, madirisha yanaweza kurundikana meza moja. Mashine yako ikiwa nzito, ongeza sekunde. Ila wmctrl ni ya mfumo wa X11. Kwenye Wayland usiitegemee.

Na tuelewane: faili hili linarudisha madirisha, halirudishi kazi ambayo hujaihifadhi. Ukijaza alama za darasa zima, bonyeza Ctrl+S kila baada ya mwanafunzi mmoja. Alama ni jasho la mtoto wa watu.