Kazi ya Rafadha ya Mkia katika Helikopta

Mlio wa helikopta si jambo geni kwa wakazi wa Kibera na Kawangware, kwani Uwanja wa Ndege wa Wilson hauko mbali. Wengi huitazama rafadha kuu izungukayo juu ya chombo. Wachache huitazama ile ndogo ya mkiani, ilhali bila hiyo chombo hakitawaliki kikielea hewani. Makala haya yanaeleza sababu.

Mwaka 1687 Newton alibainisha kwamba kila kani huzaa kani nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Fundi wa jua kali wa Kawangware atoboaye chuma kwa keekee ya umeme huijua kanuni hii mkononi: ncha ikikwama, keekee yenyewe hugeuka kinyume na kumtegua kifundo. Vivyo hivyo, injini inapoizungusha rafadha kuu upande mmoja, kiwiliwili cha helikopta husukumwa kuzunguka upande mwingine. Nguvu hiyo izungushayo inaitwa hapa msokoto. Chini, ardhi huuzuia. Hewani hakuna cha kushikilia.

Rafadha ya mkia huisukuma hewa kando, nayo hewa huusukuma mkia upande wa pili, hata msokoto ukasawazishwa. Mkia ni wenzo: kadiri unavyorefuka, ndivyo nguvu ndogo inavyotosha. Rubani akiongeza nguvu ili apae, msokoto nao huongezeka. Hivyo hukanyaga pedali kubadili mwinamo wa mapanga ya mkiani. Katika AS350 ya Kifaransa, aina iliyowahi kutumiwa na Polisi wa Kenya, rafadha kuu hufuata mwendo wa akrabu za saa ikitazamwa kutoka juu, basi mguu wa kulia ndio hukanyaga. Katika Huey ya Kimarekani mambo ni kinyume. Chinook, kwa upande wake, haihitaji rafadha ya mkia: rafadha zake kuu mbili huzunguka kinyume, msokoto wa moja ukiufuta wa nyingine.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mjini Leicester, Uingereza, tarehe 27 Oktoba 2018. Helikopta ilikuwa imetoka tu kupaa kutoka uwanja wa kandanda pale beringi ya rafadha ya mkia ilipoharibika. Rafadha kuu ilikuwa ingali ikizunguka, lakini chombo kilizungukazunguka kikaanguka. Watu wote 5 waliokuwamo walifariki, akiwemo Vichai Srivaddhanaprabha, mmiliki wa klabu.

Rafadha, kani, wenzo na keekee ni maneno yaliyomo kamusini. Kinachosalia ni kuyatumia.