Buibui wa Mulenge na maana ya kuandikwa mara ya kwanza

Mtafiti akisema aina fulani ya buibui imeandikwa mara ya kwanza katika eneo letu, hasemi kwamba ilikuwa haijaonekana. Wachungaji wa ng'ombe wa Mulenge hujipangusa utando wake usoni kila asubuhi! Anasema sasa upo ushahidi: buibui ndani ya chupa ya alkoli, na karatasi yenye jina la mahali na tarehe. Lazima awe amekomaa, maana aina nyingi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi, chini ya hadubini. Wengi kutoka Kongo wametunzwa Tervuren, Ubelgiji. Itombwe ni hifadhi tangu 2006, lakini miti bado inakatwa. Msitu ukiisha kabla ya kuandikwa, hatutajua tumepoteza nini.