Mazungumzo ya Kwanza na Mshauri wa Masomo: Mwanafunzi wa Kongo katika Chuo cha Marekani

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa vyuo vikuu vya Kongo hakuwa na haja ya kuchagua masomo. Alichagua fakulte na idara, akajiandikisha, kisha akaenda kusoma kwenye valve, yaani ubao wa matangazo, ratiba iliyokwisha kupangwa na wakubwa. Wote wa mwaka mmoja walifuata masomo yale yale na kufanya mitihani ile ile, na aliyeshindwa alirudia mwaka. Ndivyo ilivyokuwa katika miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, umeleta hesabu ya krediti, lakini mazoea ya kungoja ratiba ni ya siku nyingi, nayo husafiri pamoja na msafiri.

Kijana aliyelelewa katika mazoea hayo anapofika katika chuo cha Marekani, awe amekwenda kwa viza ya masomo au pamoja na wazazi waliopokelewa huko kama wakimbizi, hupewa kwanza miadi na mtu aitwaye mshauri wa masomo. Miadi hiyo mara nyingi haizidi nusu saa. Mshauri humwuliza: "Ungependa kusoma nini?" Kijana, akiwa ameinamisha macho, hujibu: "Masomo yoyote utakayoniandikia, mheshimiwa." Hasara huanza hapo. Kwake jibu hilo ni adabu mbele ya mkubwa. Kwa mshauri ni dalili ya mtu ambaye hakujitayarisha, naye humwandikia masomo yaliyobaki na nafasi, ambayo huenda yasimfae.

Asili ya kazi ya mshauri yafaa kujulikana, japo kwa ufupi. Vyuo vya zamani vya Marekani navyo vilikuwa na ratiba moja kwa wote, yenye Kilatini, Kigiriki na hesabu. Charles Eliot, aliyeongoza Harvard tangu 1869 hadi 1909, aliondoa masharti karibu yote na kumwachia mwanafunzi uhuru wa kuchagua. Uhuru huo ulilalamikiwa: iliwezekana mtu kuokota masomo mepesi ya mwanzo bila kufika mbali katika elimu yoyote. Abbott Lawrence Lowell, aliyemfuata Eliot, akaweka utaratibu ambao umbo lake linaonekana hadi leo katika vyuo vingi: sehemu ya masomo iwe katika fani moja kuu, na sehemu isambazwe katika elimu mbalimbali. Katika utaratibu wa namna hii mwanafunzi mwenyewe ndiye anayechagua, na kwa sababu hiyo anahitaji wa kumshauri. Asiyefahamu jambo hilo atafikiri kwamba mshauri ni karani wa uandikishaji.

Neno "krediti" nalo linahitaji kuelezwa. Kulitafsiri kwa "mkopo" ni hatari, kwani katika chuo hicho hicho mwanafunzi atakutana na mkopo wa kweli, ule wa fedha, unaolipwa kwa riba. Afadhali kuliacha neno lilivyo. Kwa kanuni ya kawaida, krediti moja ya Marekani ni saa moja ya darasa kila juma na saa mbili za kazi nje ya darasa, katika muhula wa majuma yapatayo 15. Somo la kawaida lina krediti tatu. Mwenye masomo matano ana krediti 15, yaani saa 45 za kazi kwa juma, ambayo ni ajira kamili ya mtu mzima. Mwanafunzi anayefanya kazi ya usiku katika ghala au kiwanda ili kusaidia nyumbani hana budi kumweleza mshauri saa zake za kazi, maana haziandikwi katika karatasi yoyote iliyo mezani. Hakuna aibu katika kulisema hilo, ingawa wengi huona aibu.

Ikumbukwe pia kwamba krediti za nchi mbili hazina kipimo kimoja. Katika LMD ya Kongo krediti 60 ni mwaka mmoja, na licence hukamilika kwa 180. Huko Marekani krediti 60 ni miaka miwili, na shahada ya kwanza kwa kawaida hudai 120. Anayetaja idadi bila kutaja kipimo hupotoshana na mshauri wake bila wote wawili kujua.

Kutokana na hesabu hiyo huzaliwa kosa moja la gharama kubwa. Mgeni huambiwa kwamba krediti 12 kwa muhula zatosha kumhesabu kuwa mwanafunzi wa wakati wote, naye hushika 12 hiyo kama kipimo cha kumaliza. Lakini 12 mara mihula minane ni 96. Zitabaki 24, yaani mihula miwili zaidi pamoja na ada yake. Mwenye viza ya masomo hawezi hata kushuka chini ya 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, la sivyo huhatarisha ukaazi wake. Kwa upande wake mkimbizi, ambaye ana haki ya kuomba msaada wa serikali uitwao Pell, ajue kwamba msaada huo una kikomo cha muda ulio sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Mihula inayopotea kwa masomo yasiyohitajika huhesabiwa ndani yake.

Pengine jambo gumu kuliko yote kwa mgeni ni masomo ya sharti, yaani yale yanayotakiwa kumalizwa kabla ya kuruhusiwa kuingia katika mengine. Katika ratiba ya pamoja mwanafunzi haoni mnyororo huo, kwa kuwa idara imeshaupanga. Katika katalogi ya Marekani kila somo lina nambari, na chini ya maelezo yake huandikwa sharti lake. Mfano ulio wazi ni wa uhandisi. Hesabu za kiwango cha juu zinazohitajiwa katika fizikia hufuatana moja baada ya nyingine, muhula hata muhula. Kijana aliyeshinda vizuri hesabu katika diploma yake ya serikali, lakini akaingia katika jaribio la kupima kiwango bila kulirudia somo kwa Kiingereza, huweza kupangwa ngazi mbili chini ya ujuzi wake. Ngazi mbili ni mwaka mzima, na fizikia nayo itamngoja. Kwa hiyo aanze kusoma katalogi kutoka mwisho: atafute somo la mwaka wa mwisho la fani anayoitamani, atazame sharti lake, kisha sharti la sharti hilo, mpaka afike katika somo la muhula wa kwanza. Akiingia ofisini na mnyororo huo umeandikwa katika karatasi, hata kama umekosewa mahali, mazungumzo yatakuwa tofauti kabisa.

Karatasi za nyumbani nazo zina lugha yao. Karatasi ya alama ya Kongo yenye asilimia 62 ni ya mtu aliyefaulu, kwani kufaulu kulianza kwenye 50 na "distinction" kwenye 70. Mmarekani aliyezoea kwamba chini ya 60 ni kushindwa ataiona 62 kuwa alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Yafaa tafsiri rasmi iambatane na maelezo ya kipimo cha alama, na zaidi ya hayo, muhtasari wa kila somo pamoja na idadi ya saa zake. Pasipo muhtasari, kemia iliyosomwa mwaka mzima Lubumbashi au Bukavu huweza kupokelewa kama krediti zisizo na jina, zisizofungua mlango wa somo lolote. Ni rahisi kuomba mihtasari hiyo kwa maprofesa kabla ya safari. Baada ya safari ni kazi ya miezi.

Kuhusu lugha, msomaji wa ukurasa huu atapendezwa kujua kwamba Kiswahili chenyewe huingia katika hesabu hii. Tangu sheria ya mwaka 1958 iliyotoa fedha za kufundisha lugha za kigeni, vyuo vingi vya Marekani vimefundisha Kiswahili, na vyuo kadhaa hudai lugha ya kigeni kabla ya shahada. Mkongomani anaweza kuomba apimwe kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, na hivyo kusamehewa mihula kadhaa. Lakini asidhani kwamba Kiswahili cha nyumbani chatosha. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na anayeandika "batu" na "batoto" kama wanavyosema Lubumbashi atapoteza alama, ingawa anaijua lugha kuliko wanafunzi wengi wa darasa hilo. Kwa wengi Kifaransa cha shule kitakuwa njia fupi zaidi. Ni jambo la kusikitisha kidogo, lakini ndivyo lilivyo.

Yabaki suala la jamaa. Katika familia nyingi za Kongo kijana hapelekwi mahali pazito peke yake. Baba au mjomba humsindikiza na kusema kwa niaba yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 juu ya siri za wanafunzi humfanya mwanafunzi wa chuo kuwa mwenye haki juu ya habari zake za masomo, na kwa kawaida mshauri hatazungumza na mzazi juu ya alama zake pasipo idhini ya kijana mwenyewe. Wazee wengine huliona hilo kuwa dharau. Heri kijana awaeleze mapema, na shauri la familia lifanyike nyumbani, usiku wa kuamkia miadi.

Siku yenyewe apeleke orodha ya masomo matano anayoyataka na mengine mawili ya akiba, kwani darasa hujaa. Aulize lipi ni la lazima na lipi la hiari, na siku ya mwisho ya kuacha somo bila kulipa ada yake. Kabla ya kuondoka aandike yaliyokubaliwa na kumpelekea mshauri nakala, maana mwaka ujao huenda akaketi mbele ya mshauri mwingine.