Chuma cha Zamani Kinapinda, na Moto Haukirudishi

Swali ni lile lile, litoke Musoma mjini, Bunda au Butiama: "Fundi, ukiipiga moto si itarudi?" Anayeuliza amenunua Raleigh, Humber au Hercules kwa simu, amelipa, amesubiri, kisha amekwenda stendi ya Bweri kuipokea na kukuta uma wa mbele umelala upande, ncha zake zimebanana hadi gurudumu haliingii. Jibu langu ni hapana. Nalitoa sasa kwa maandishi kwa sababu kila ninayemkatalia huisukuma baiskeli yake moja kwa moja hadi kwa fundi wa kuchomelea mageti, na huko hupewa anachokitaka kwa nusu saa.

Maswali haya huzidi wakati waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama wanapokuja kutoka Dar es Salaam kumuenzi Mwalimu Nyerere na kila mwenye hamu ya baiskeli ya enzi za babu anataka naye awe barabarani. Hamu hiyo naipenda. Mimi mwenyewe naishi kwa baiskeli hizo. Nisichokipenda ni imani inayoziua: kwamba baiskeli za Mwingereza zilikuwa chuma tupu, kwamba chuma cha zamani hakipindi, na kwamba kikipinda moto hukirudisha. Mwanzo wa imani hiyo humfanya muuzaji aliyeko Dar es Salaam au Uingereza asihangaike kufunga mzigo. Mwisho wake humfanya mnunuzi asimbane muuzaji. Kwa uzembe wa wote wawili, fremu iliyovumilia miaka 60 huharibika ndani ya safari moja.

Tuanze na hilo la chuma tupu. Fremu ya baiskeli ni mabomba, na ndani ya bomba hamna kitu. Raleigh ya kawaida ya miaka ya 1950, ile waliyoendesha walimu na makarani, ina bomba lenye unene wa milimita moja na nusu hivi. Zile nyepesi zenye kibandiko cha Reynolds 531, aina ya bomba iliyoingia sokoni mwaka 1935, huwa chini ya milimita moja katikati ya bomba. Bomba hilo hubeba magunia ya mahindi kwa sababu uzito unashuka kutoka juu, unapita kwenye magurudumu yaliyokazwa, na kila bomba linasaidiwa na jirani yake. Ukitoa gurudumu la mbele, ukailaza baiskeli ubavu kwenye buti la basi, ukapanga viroba vya dagaa juu yake, msaada wote huo umeuondoa. Miguu miwili ya uma inabaki bila kitu katikati. Mpakiaji akipanda juu ya mzigo ili kupanga mwingine, uzito wake peke yake unatosha kuibananisha.

Sasa moto. Mabomba haya hupata sehemu ya nguvu zake kiwandani kwa kuvutwa yakiwa baridi. Kuvutwa huko hukifanya chuma kiwe kigumu kuliko kilivyokuwa awali. Ukikipasha hadi kiwe chekundu, ugumu ule unapotea, na hakuna namna ya kukipoza itakayourudisha. Katika nyuzi joto 600 hivi chuma cha kawaida hubaki na karibu nusu ya nguvu zake. Ndiyo maana kinaitii nyundo. Fundi anadhani amekitibu, kumbe amekilainisha. Kikipoa, pale palipopashwa pamebaki laini, na jirani yake ambako moto haukufika bado pagumu. Mpaka wa sehemu hizo mbili ndipo uma utakapopinda tena, na safari hii utakuwa umebeba mtu.

Kuna baya zaidi. Fremu za zamani hazikuchomelewa kama geti. Kwenye kila kona bomba limeingizwa ndani ya kikombe cha chuma, kisha likalehemiwa kwa shaba ya manjano iliyoyeyushwa ikajaza nafasi iliyobaki. Shaba hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 900. Mwali wa asetilini na oksijeni hupita nyuzi 3,000. Anayepasha shingo ya uma hadi iwe na rangi ya embe bivu amekwisha kuyeyusha kile kilichoshikilia maungio. Akiipiga nyundo katika hali hiyo, shaba iliyo majimaji hupenya kati ya chembe za chuma kinachokunjwa na kuacha nyufa ambazo jicho halizioni. Rangi mpya inapakwa juu. Mteja anaondoka amefurahi. Baiskeli inatembea mwezi, pengine mwaka, hadi siku inaposhuka mteremko wenye makorongo na uma unakatika shingoni. Breki haikusaidii hapo, wala ustadi wako. Uma ukikatika, mwendeshaji huangukia uso.

"Mbona mhunzi hupasha jembe?" Swali hili huletwa na wazee, na katika mkoa wetu lina heshima yake, maana Waturi walifua chuma huku kabla baiskeli hazijafika. Lakini mzee wangu, jembe ni kipande kizima. Halina uwazi ndani, halina shaba kwenye maungio, na mhunzi analifua upya lote na kulipoza kwa kipimo anachokijua mkononi. Zaidi ya hayo, jembe likivunjika, mkulima amepoteza asubuhi moja shambani. Hasara hiyo na uso wa mtu aliyeangushwa na uma haviwekwi kwenye mizani moja.

"Mbona ya Mzee Fulani ilipigwa moto na bado inatembea?" Inatembea kwa sababu Mzee Fulani huiendesha taratibu, njia tambarare, bila mzigo. Ufa wa uchovu wa chuma hukua kwa kila mtikisiko, polepole, bila sauti. Zile zilizokwisha kukatika haziko barabarani ili uzione.

Sisemi kwamba kila kilichopinda kimekufa. Chuma laini kinaweza kunyooshwa kikiwa baridi, kwa kipimo. Ncha za uma zilizobanana milimita chache hufunguliwa pole pole kwa fimbo yenye nyuzi za skrubu na nati mbili. Fremu iliyoyumba hupimwa kwa uzi: ufunge kwenye ncha ya nyuma ya kushoto, uuzungushe shingoni, uurudishe kwenye ncha ya kulia, kisha upime umbali kutoka kwenye uzi hadi kwenye bomba la kiti, upande huu na ule. Tofauti ya milimita mbili huvumilika. Ikizidi, fundi anayejua atairudisha bila kiberiti. Halafu pitisha kidole gumba chini ya yale mabomba mawili yanayotoka shingoni. Ukihisi uvimbe au kunjo, baiskeli iligongwa kwa mbele, na bomba lililokunjika halinyooshwi na mtu yeyote, hubadilishwa. Vivyo hivyo uma uliopinda kwenye lile shina linaloingia shingoni.

Na kubadilisha si jambo la kupiga simu tu. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, na kile cha gia za Sturmey-Archer katika mji huo huo kilifungwa mwaka 2000, jina lake likahamia Taiwan. Raleigh pia ilikuwa na nyuzi zake za skrubu za pekee, 26 kwa kila inchi pale ambapo viwanda vingine vya Uingereza viliweka 24, kwa hiyo nati na vikombe vya baiskeli nyingine haviingii tu kwa kuwa vinafanana. Uma mpya wa Kihindi unaweza kukuokoa, ila ununue pamoja na vikombe vyake vya shingo na upime urefu wa shina kabla ya kulipa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba waliozitengeneza baiskeli hizi hawakuwa na imani hiyo ya chuma kisichopinda. Angalia zilivyofika huku: reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka pale meli za ziwa zilileta bidhaa hadi Musoma. Raleigh zilizopelekwa makoloni zilisafiri zimefunguliwa vipande vipande ndani ya makasha ya mbao, zikaja kuunganishwa dukani. Zilikuwa mpya, zimetoka kiwandani, na bado kiwanda hakikuthubutu kuzisafirisha nzima. Leo tunachukua baiskeli ya umri wa babu, tunaifunga kwa vipande vya tyubu juu ya keria ya basi, tunaandika "shika kwa uangalifu" kwa maka peni kwenye kiroba, na tunashangaa ikifika imepinda. Mpakiaji wa saa tisa usiku hasomi maandishi hayo. Hata akiyasoma, ana mizigo mingine mia ya kupanga.

Gharama nayo inawapotosha watu. Baiskeli ya aina hii ina karibu kilo 20, na mnunuzi anapiga hesabu ya ndege kwa kilo hizo. Wasafirishaji wa ndege hawahesabu hivyo kwa mzigo mwepesi wenye nafasi kubwa. Ujazo wa boksi la sentimita 150 kwa 90 kwa 25 hugawanywa kwa 5,000 na kampuni nyingi za vifurushi, na jibu ni kilo 67.5. Hizo ndizo utakazolipia. Ndipo muuzaji, ili kukupunguzia, anaibana baiskeli kwenye boksi dogo bila kuweka chochote kati ya ncha za uma. Ukiagiza kutoka nje, ipitie majini kwa kuchangia kontena, ambako unalipia ukubwa wa mzigo kwa CBM, yaani mita ya ujazo. Boksi hilo hilo ni theluthi moja ya CBM, basi hata ukiliongezea mbao za kulilinda, nyongeza yake ni ndogo.

Kwa anayenunua, mambo ya kufanya ni haya. Kabla ya kutuma pesa, dai picha ya shingo kwa ubavu, ya chini ya mabomba, ya ncha za nyuma, na ya habu. Sturmey-Archer nyingi zimegongwa mhuri wa mwaka kwenye habu, na muuzaji anayesema ni ya 1948 huku habu inasema 71 anakudanganya au hajui anachouza. Uliza namba iliyoandikwa kwenye tairi: 28 kwa 1½ ni ringi ya milimita 635, na tairi za baiskeli za mbio za siku hizi, milimita 622, haziingii humo hata uzilazimishe. Muuzaji akikataa kupiga picha, achana naye. Akikubali, mwandikie namna ya kufunga na malipo ya mwisho yategemee picha ya mzigo uliofungwa: gurudumu la mbele litoke, pedali zitoke (ya kushoto hufunguliwa kinyume), usukani ulegezwe pamoja na fimbo za breki na ufungwe ubavuni. Krenki zibaki, mtu asizigonge pini zake kwa nyundo. Kati ya ncha za uma iwekwe ekseli ya zamani yenye nati au kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo, na nyuma vivyo hivyo kama gurudumu limetoka. Fremu izungushiwe sponji ya godoro, nati na vikorokoro viingie mfuko mmoja uliofungwa kwenye fremu, boksi likazwe kwa mbao pembeni na lisafiri limesimama. Kwenye basi dai risiti inayotaja baiskeli na thamani yake, si "kifurushi". Ukifika stendi, fungua boksi mbele ya wakala na upige picha kabla ya kusaini. Mzigo ukiwa umeharibika, na mwenye basi hataki kusikia, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, wapo, na ukiwa na risiti utasikilizwa. Aliyekutapeli mtandaoni, peleka mazungumzo na miamala yake polisi; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakulinda.

Ila njia bora ni fupi kuliko zote: nunua karibu. Panda kivuko cha Kisorya uvuke hadi Rugezi, kisiwani Ukerewe, ambako watu bado wanategemea baiskeli kila siku, au ulizia vijiji vya Bunda na Shinyanga. Kuna Raleigh zilizoegeshwa nyuma ya majiko, Phoenix za Shanghai, hata Swala zilizoundwa Dar es Salaam na kampuni ya NABICO. Nenda na uzi na kidole gumba, pima mwenyewe, lipa, uje nayo ukiiendesha.

Na kama uma wako tayari umepigwa moto, usiipande baiskeli hiyo hata kwenda Nyasho hapa mjini kununua mkate. Utoe uma huo, uukate vipande viwili kwa msumeno, ndipo uwauzie wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Ukiuuza mzima, kuna mtu ataupaka rangi na kuufunga kwenye baiskeli ya mtoto wake.