Dizeli isiyotoa moshi nayo humuumiza mtoto

Wazazi wengi hupima usafi wa gari la dizeli kwa macho. Likitoa moshi mweusi ni bovu, lisipotoa ni zima. Kisa cha magari ya Volkswagen kinaonyesha kuwa macho hayatoshi.

Septemba 18, 2015, Mamlaka ya Mazingira ya Marekani (EPA) ilitangaza kuwa kampuni hiyo ya Ujerumani iliweka kwenye magari yake programu inayotambua gari linapopimwa. Kwenye kipimo lilifaulu. Likirudi barabarani, lilitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Gesi hizo huwasha njia ya hewa na kuamsha pumu. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa sababu mapafu yake bado yanakua, na kwa uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Mwaka 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya visababishi vya saratani.

Magari yalitengenezwaje? Ulaya, mengi yaliwekewa programu mpya. Yenye injini ya lita 1.6 yaliongezewa pia bomba dogo lenye wavu, linalotuliza hewa kabla ya kufika kwenye sensa inayoipima. Marekani, wenye magari ya lita 2.0 walichagua kuyauza kwa kampuni au kusubiri matengenezo yaidhinishwe.

Kwa mzazi mwenye dizeli, moshi mweusi una maana mafuta hayaungui vizuri. Fundi aangalie chujio la hewa, nozeli na turbo. Moshi wa bluu ni dalili kuwa oili inaungua.

Chujio la masizi likiziba, usikubali litobolewe au king'olewe kilichomo ndani. Gari litapata nguvu, lakini masizi yaliyokuwa yakinaswa humo yatatoka nje. Lisafishwe au libadilishwe, na chanzo cha kuziba kitafutwe.

Na unapomsubiri mwanao nje ya geti la shule, zima injini. Pua yake iko karibu na bomba la moshi kuliko yako.