Je, Kifyonza-Vumbi cha Gharama Kubwa Humfaa Mgonjwa wa Pumu? Mtazamo kutoka Olasiti

Kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zinapoanza, vumbi huwa sehemu ya maisha ya kila siku Olasiti. Kata hii ya magharibi mwa Jiji la Arusha imejengeka haraka kuliko barabara zake za ndani: nyumba mpya zenye vigae na madirisha ya alumini zinatazamana na njia za udongo, na kila bodaboda inayopita huacha wingu nyuma yake. Udongo wenyewe ni mwepesi, maana asili yake ni majivu ya volkano ya Mlima Meru. Meza iliyopanguswa asubuhi, saa saba mchana mtu anaweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole.

Katika majira haya wazazi wenye watoto wa pumu huwauliza wahudumu wa afya swali ambalo vitabu vyetu vya mafunzo havikulitarajia: je, ninunue mashine ya kufyonza vumbi? Na kama ninunue, je, iwe ile ya bei kubwa, ambayo boksi lake limeandikwa kuwa inawafaa wenye mzio? Mashine za daraja la juu huuzwa ng'ambo kwa dola 500 na zaidi, na zikifika hapa bei hupanda kwa usafiri na ushuru.

Jibu letu ni kwamba kwa kaya nyingi za Olasiti, mashine hiyo haistahili gharama yake ikiwa inanunuliwa kama tiba au kinga ya pumu. Tunalieleza jibu hili kwa kirefu kwa sababu fedha za kaya ni zilezile. Mzazi aliyezimaliza kwenye mashine huweza kushindwa kununua dawa ya kuzuia pumu mwezi unaofuata, na mtoto hubanwa na kifua usiku sakafu ikiwa safi kabisa.

Mashine na ahadi yake

Wazo la kuhusisha kifyonza-vumbi na pumu lina umri sawa na mashine yenyewe. James Murray Spangler, aliyekuwa msafishaji wa duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani, alikuwa na pumu, na alihisi kwamba vumbi lililorushwa na kifagio chake cha mazulia ndilo lililomzidishia maradhi. Akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto kuwa mfuko wa kupokelea vumbi. Alipata hataza mwaka 1908, kisha akamuuzia haki hizo William Hoover, ambaye jina lake liligeuka kuwa jina la mashine yenyewe kwa Waingereza wengi.

Foronya ya Spangler ilikuwa na udhaifu ambao wahandisi wameushughulikia tangu hapo: vumbi kubwa hubaki ndani, lile laini hupenya kwenye nyuzi na kurudi chumbani. Vichujio vya HEPA, ambavyo asili yake ni kazi ya kuzuia chembe za mionzi huko Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndivyo vilivyoleta mabadiliko makubwa. Kwa kipimo cha Marekani, kichujio cha aina hii hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3. Ukichukua unywele wa mtu, chembe hiyo ni ndogo kwa zaidi ya mara mia moja.

Kichujio hicho ni kizuri, na hatuna haja ya kukibeza. Tatizo ni kwamba hunasa tu hewa inayopita ndani yake. Mashine yenye kichujio bora lakini yenye mianya kwenye maungio hupuliza vumbi pembeni kabla halijafika kwenye kichujio. Zaidi ya hapo, brashi na upepo wa mashine huamsha vumbi lililokuwa limetulia. Watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha mwaka 2003 matokeo yaliyowashangaza wengi: katika nyumba zenye paka, mtu aliyesafisha kwa mashine yenye kichujio cha HEPA alivuta vizio vingi zaidi vya paka wakati wa kusafisha kuliko kabla ya kuanza. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu asiwe ndiye anayeiendesha mashine, wala asikae chumbani humo hadi vumbi litulie.

Vumbi lipi linabana kifua?

Neno vumbi hukusanya vitu vingi visivyofanana. Chembe za udongo wa barabarani, zile tunazoziona juu ya meza, nyingi ni kubwa na hunaswa puani na kooni. Huwasha macho, huleta chafya na kikohozi, na huweza kumchokoza mgonjwa ambaye njia zake za hewa tayari zimevimba. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile zisizozidi mikromita 2.5, na chanzo chake kikuu majumbani mwetu ni moshi: kuni, mkaa, mafuta ya taa, sigara, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Moshi huelea hewani kwa saa nyingi, na hakuna kifyonza-vumbi cha sakafuni kinachoweza kuufikia.

Aina ya tatu haionekani kwa macho. Ni kinyesi na mabaki ya utitiri wa vumbi la nyumbani, mdudu wa theluthi moja ya milimita anayeishi kwenye magodoro, mito, mazulia na makochi ya kitambaa, akila magamba ya ngozi zetu. Hahitaji maji ya kunywa; hutwaa unyevu wa hewani, na hustawi unyevu huo unapozidi takribani asilimia 50. Wiki za masika, nguo zinapokataa kukauka kwenye kamba, ni wiki zake za neema. Kwa mtu mwenye mzio, kinyesi cha utitiri ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu duniani.

Hapa ndipo tangazo la mashine linapopata nguvu. Ikiwa utitiri huleta pumu, na mashine hufyonza utitiri, basi mashine itapunguza pumu. Ndivyo hoja inavyokwenda. Lakini utitiri ulio hai hujishikiza kwenye nyuzi, na mashine huacha wengi palepale. Mwaka 2008 mapitio ya mtandao wa kitaaluma wa Cochrane yaliunganisha majaribio 54 yenye wagonjwa zaidi ya 3,000 kuhusu njia za kemikali na za kimakanika za kupunguza utitiri. Wagonjwa hawakupata nafuu iliyoweza kupimika. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 kuhusu pumu haukufunga mlango kabisa: ulikubali hatua kadhaa zikifanywa pamoja, kwa mgonjwa aliyethibitika kuwa na mzio wa kitu fulani, ila hatua moja peke yake haikupendekezwa. Mashine ni hatua moja.

Ongeza hali ya Olasiti. Nyumba nyingi zina sakafu ya saruji au vigae, ambapo deki hufanya kazi ile ile kwa bei ya ndoo na kitambaa. Madirisha hufunguliwa mchana, na kinachofyonzwa asubuhi huingia tena adhuhuri. Wapo wanaoamua kufunga madirisha siku nzima ili vumbi lisiingie. Tunawaomba wasifanye hivyo. Hewa inayopita ni kinga dhidi ya kifua kikuu, na katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Fedha hiyo ingefanya nini?

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu wa njia za hewa. Dawa inayoutuliza ni ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, inayovutwa kwa kiwango kidogo kupitia pampu. Salbutamoli hufungua njia za hewa kwa saa chache bila kuugusa uvimbe wenyewe. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena vijana na watu wazima kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Hata hivyo bado tunawaona wagonjwa ambao pampu pekee waliyowahi kumiliki ni ile ya samawati, na huinunua pale tu wanapobanwa. Mhudumu anapoulizwa habari ya mashine, swali la kwanza la kumrudishia mzazi ni hili: mtoto anavuta dawa ya kuzuia kila siku, hata siku asizobanwa? La pili ni kumwomba mtoto aonyeshe anavyovuta. Dawa nyingi huishia kwenye ulimi.

Kwa mtoto, dawa hufika vizuri zaidi ikipitia kwenye spesa, yaani chombo chenye uwazi kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Isipopatikana dukani, ipo njia iliyothibitishwa barani humu. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 1999, katika jarida la Lancet, jaribio lililoonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani kwa watoto waliobanwa na pumu. Kitako cha chupa hutobolewa kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu, kisha maungio huzibwa kwa gundi. Mtoto huvuta kupitia shingo ya chupa. Tunapenda kila zahanati iwe na chupa ya mfano juu ya meza.

Baada ya dawa, fedha iende jikoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa nishati za kupikia majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mtungi wa gesi na jiko lake hupunguza chembe ambazo mashine haiwezi kuzigusa. Kaya ambayo bado haijaweza, ipikie nje au kwenye jiko lililotenganishwa na vyumba vya kulala, na mtoto mwenye pumu asitumwe kuwasha mkaa.

Kwa upande wa utitiri, ushauri wa mabibi zetu wa kuanika magodoro una ushahidi nyuma yake. Watafiti wawili wa Sydney, Australia, Tovey na Woolcock, waliripoti mwaka 1994 kwamba mazulia yaliyoanikwa moja kwa moja kwenye jua kali yaliua utitiri wote. Kinyesi chao hubaki, kwa hiyo godoro likitoka juani likung'utwe nje na mtu asiye na pumu. Shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60. Maji ya vuguvugu hayawaui. Zulia la chumba cha mtoto liondolewe moja kwa moja. Kuliondoa hakugharimu kitu, na pengine litapata mnunuzi.

Palipo na haki ya kununua

Wapo ambao tungewaambia wanunue. Mwenye mazulia ya ukuta kwa ukuta asiyeweza kuyaondoa, au mzee mwenye mgongo unaomzuia kuinama na ufagio, atafaidika na mashine. Ila atafaidika na ile ya bei ya kati. Tofauti ya bei kati ya mashine ya kati na ya juu kabisa mara nyingi hulipia betri, wepesi, ukimya na jina. Wati nyingi si alama ya ubora: Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, ukakishusha hadi wati 900 mwaka 2017, na mashine zimeendelea kusafisha. Mgonjwa wa mzio achague yenye mfuko wa kutupwa, kwa kuwa ile ya kikombe humrudishia vumbi usoni anapoimwaga. Ikiwashwa na chumba kikanuka vumbi, inavuja. Aulize kabla ya kulipa kama mifuko na vichujio vyake vinapatikana Arusha, maana kichujio kilichoziba ni hasara tupu. Mashine za mitumba, au zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, zitazamwe kibao chake: iliyoandikwa volti 120 itaungua kwenye umeme wetu wa volti 230.

Mahali ambapo mashine imara yenye kichujio cha HEPA inastahili kila shilingi ni karakana. Mafundi seremala hupiga msasa kutwa nzima na kufagia jioni kwa ufagio mkavu, na vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mfanyakazi wa karakana anayekuja kliniki na kikohozi aulizwe anasafishaje sehemu yake ya kazi, na nguo za kazi anazifulia wapi. Karakana tatu au nne zinazopakana zinaweza kuchangia mashine moja ya viwandani. Hadi hapo watakapoipata, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Kuhusu mtoto wa pumu, mzazi asisubiri swali la mashine lipate jibu ikiwa mtoto hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au midomo inageuka rangi ya buluu. Apewe salbutamoli kupitia spesa au chupa, na safari ya hospitali ianze saa hiyo hiyo.